Samaki Ana Askari Wake, Wacha Kukimbilia Dawa

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu samaki. Najua kuna wale wameshaanza kupita ju walikuja hapa kwa story za doh. Tulia kidogo. Hii pia ni story ya doh, na ni story ya afya yako.

Kama una simu, umekutana na zile video. Kijana amesimama kando ya kidimbwi kilichotandikwa turubai nyeusi, kamera inapaa juu, muziki unapiga, halafu hesabu zinaanza. Vifaranga elfu moja, miezi kama minane, kilo ni pesa ngapi, zidisha, toa chakula, umebaki na hela za kununua Probox. Hesabu ni tamu sana. Shida yake ni moja: ndani ya hiyo hesabu hakuna samaki anayekufa.

Halafu shuka kwenye maswali ya watu. Huko ndiko ukweli unaishi. Msee anauliza, "Samaki wangu wanaogelea wakizunguka kama wamelewa, macho yametoka nje, nifanye nini?" Mwingine, "Wangu wana vidonda vyekundu na mapezi yanaoza, nisaidieni." Na jibu linarudi mbio kila mara: enda agroveti, nunua antibayotiki, changanya na chakula, maliza. Hakuna anayeuliza maji yakoje. Hakuna anayeuliza amejaza samaki wangapi mle ndani.

Maoni yangu ni haya. Tumefundishwa kuona samaki kama kitu dhaifu kinachongoja dawa, na hiyo ni uongo. Samaki ana jeshi lake, la zamani sana, na kwa mambo mengine lina silaha ambazo sisi binadamu hatuna. Kazi ya mfugaji ni kulipa hilo jeshi nafasi ya kufanya kazi, na dawa ije mwisho kabisa. Tukiendelea kugeuza hii mpangilio, tutapoteza samaki, tutapoteza pesa, na siku moja dawa zitatukataa sisi wenyewe hospitalini.

Ebu nikuonyeshe hilo jeshi kwanza, ndio uone sisemi tu.

Wewe unaishi kwenye hewa. Samaki anaishi ndani ya supu. Kila tone la maji ya kidimbwi lina bakteria, na maji hayo yanapita kwenye matamvua yake mchana na usiku. Kuna bakteria anaitwa Aeromonas hydrophila, yule wa vidonda vyekundu na mapezi kuoza. Watu wakisikia jina wanadhani aliletwa na mtu. Hapana. Huyu ni mwenyeji, yuko kwenye maji baridi karibu kila mahali. Yuko kwenye kidimbwi cha jirani ambaye samaki wake wako fiti kabisa. Swali la maana basi ni hili: kwa nini samaki wengi wanakutana naye kila siku na hawafi?

Mstari wa kwanza ni ule ute. Ule utelezi unaokufanya ushindwe kumshika samaki una protini za kuvunja kuta za bakteria, una kingamwili, na una bakteria wazuri wanaokalia nafasi ili wabaya wakose pa kukaa. Ukimshika samaki kwa mikono mikavu, au ukamkokota kwenye wavu mbovu hadi magamba yang'oke, umebomoa ukuta wa kwanza. Adui hajafanya chochote bado.

Sasa tuseme bakteria amepita. Ameingia kwenye nyama. Nani anamwona?

Hapa ndipo vipokezi vinaingia. Kipokezi cha kinga ni protini iliyokaa kwenye seli, nyingine kwenye ngozi ya nje ya seli, nyingine ndani. Fikiria baunsa wa klabu. Baunsa hana picha ya kila mkorofi wa Nairobi. Hawezi kuwa nayo, wako wengi na wapya wanazaliwa kila wiki. Anachofanya ni kuangalia dalili: huyu amebeba chupa mfukoni, huyu ana kisu. Kipokezi hufanya hivyo hivyo. Hakijui jina la bakteria. Kinatafuta vitu ambavyo bakteria anavyo na samaki hana: vipande vya ukuta wake, aina fulani ya DNA yake, au protini ya ule mkia anaotumia kuogelea.

Familia maarufu zaidi ya hao mabaunsa inaitwa vipokezi vya Toll, na kifupi chake ni TLR. Jina lenyewe lina story. Lilitoka Ujerumani, kwenye utafiti wa nzi wadogo wa matunda, ambapo Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake walikuwa wanatafuta jeni zinazopanga mwili wa kiinitete. Toll ni neno la Kijerumani la kushangaa, kama sisi tunavyosema "manze!" Wakati huo hakuna aliyekuwa anafikiria magonjwa. Mwaka 1996, timu ya Jules Hoffmann kule Ufaransa ikaonyesha kwamba nzi aliyeharibiwa jeni ya Toll anashindwa kujikinga na kuvu, anaota ukungu mwili mzima na kufa. Mwaka 1998, Bruce Beutler na timu yake kule Marekani wakaonyesha kwamba panya wana ndugu wa Toll anayehisi ukuta wa bakteria. Mwaka 2011 hao wawili walipata Nobel, pamoja na Ralph Steinman aliyegundua seli nyingine muhimu za kinga.

Nimeweka hiyo story hapa kwa sababu moja. Kitu hicho hicho kiko kwa nzi, kiko kwa panya, kiko kwako wewe unayesoma, na kiko kwa tilapia aliye kwenye sahani yako. Ni mfumo mzee kuliko uti wa mgongo. Hao wafugaji wa video wanakuuzia samaki kama mashine ya pesa. Mimi naona kiumbe chenye ulinzi uliojaribiwa kwa mamilioni ya miaka.

Baunsa akishahisi dalili, nini kinaendelea? Sehemu ya nje ya TLR ina umbo la kiatu cha farasi, na ndiyo inayomshika mgeni. Mkia wake wa ndani ya seli unaita protini nyingine, mojawapo inaitwa MyD88, hiyo nayo inaita nyingine, mpaka ujumbe unafika kwenye kiini cha seli. Pale jeni zinawashwa na seli inaanza kutoa kemikali za kupiga kamsa. Mishipa midogo ya damu inalegea. Seli nyeupe zinakimbia pale penye shida. Makrofaji wanameza bakteria wazima wazima. Wekundu na uvimbe unaouona kwenye kidonda, sehemu yake ni hao askari wako kazini.

Sasa sikia silaha ambayo samaki anayo na wewe huna. Bakteria wengi wa majini, Aeromonas akiwemo, wanaogelea kwa mkia uliotengenezwa na protini inaitwa flajelini. Binadamu tuna kipokezi cha kuihisi, TLR5, kimekaa kwenye utando wa seli. Samaki wengi wa mifupa wanacho hicho pia, lakini wana toleo la pili lisilokaa kwenye seli. Linaelea kwenye damu. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza venye linafanya kazi kwa samaki aina ya trauti. Kipokezi cha kwenye seli kinahisi mkia wa bakteria, ini linapata habari na kutengeneza kwa wingi lile toleo la kuelea, linaingia kwenye damu, linashika flajelini na kuifanya kamsa ya kwanza iwe kubwa zaidi. Yaani baunsa wa mlangoni akipiga simu moja, mtaa mzima unajaa watu wa nyumba kumi.

Na si hilo tu. Sisi binadamu tuna TLR kumi zinazofanya kazi. Samaki wana zaidi, ikiwemo TLR22 ambayo sisi hatuna. Kuna samaki wa baharini wa kaskazini anaitwa chewa wa Atlantiki, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2011. Walipoichungulia, wakakuta amepoteza mtambo mzima ambao kwetu ni wa lazima, ule wa kuonyesha makamanda wa kinga picha ya adui. Kwa binadamu, kuzaliwa bila huo mtambo ni ugonjwa hatari sana. Chewa anaogelea tu, maisha yanaendelea. Ameongeza idadi ya jeni za vipokezi vingine, zikiwemo za familia ya Toll.

Kuna tofauti nyingine inayonichekesha. Kipande cha ukuta wa bakteria ambacho binadamu akikipata kidogo tu kwenye damu anaweza kupata mshtuko wa kufa, samaki anakivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Samaki wengi hawana hata TLR4, kile kipokezi tunachotumia sisi kukihisi. Kwa hivyo yule msee anayekwambia "kipimo cha kuku kinafanya pia kwa samaki" hajui anachosema. Samaki si kuku aliyetumbukia majini. Mwili wake unapigana kwa sheria zake.

Sawa. Kama jeshi ni kali hivyo, mbona samaki wanakufa?

Kwa sababu sisi tunaliangusha. Hapa ndipo nataka uweke simu chini kidogo ufikirie.

Samaki akiwa na msongo mwili wake unatoa kotisoli, homoni ile ile inayopanda kwako ukiwa na deni. Ikikaa juu kwa muda, kinga inashuka. Na nini kinampa samaki msongo? Kubanwa. Maji yenye amonia inayotoka kwa mavi yake na chakula kilichobaki, ambayo inachoma matamvua. Oksijeni kidogo. Kushikwashikwa ovyo. Kusafirishwa kutoka kwa muuza vifaranga hadi kwako ndani ya mtungi bila hewa ya kutosha. Vipokezi viko pale pale kwenye seli, lakini jeshi linalotakiwa kuitikia kamsa limechoka.

Mfano rahisi ni huu. Oksijeni kwenye kidimbwi hushuka kabisa alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sababu usiku mzima mwani na samaki wanaitumia na hakuna mwanga wa kuitengeneza. Ukienda saa kumi na moja asubuhi ukakuta samaki wote wako juu wanahema kwa midomo, hao wanaomba hewa. Msee anaona hivyo, anapiga picha, anaambiwa "hiyo ni infekisheni", anamwaga dawa. Kesho yake wamekufa nusu na dawa inalaumiwa kuwa feki. Dawa inaweza kuwa haikuwa feki. Hakukuwa na bakteria wa kuua.

Watu wa vizimba vya Ziwa Victoria wanaijua hii kwa machungu. Mwishoni mwa 2022, upande wa Kisumu, samaki wengi sana walikufa ndani ya vizimba baada ya maji ya chini yasiyo na oksijeni kupanda juu. Samaki aliye huru ziwani ana uwezo wa kuhama. Aliye kwenye kizimba hawezi.

Na huo uwezo wa kuhama ni sehemu ya kinga, amini usiamini. Samaki hawezi kupandisha homa kama wewe kwa sababu joto la mwili wake hufuata maji. Anachofanya akiugua ni kuogelea kwenda pale maji yana joto zaidi. Watafiti wameona hiyo tabia kwa aina kadhaa za samaki, na wale wanaopewa nafasi ya kufanya hivyo hupigana vizuri zaidi na maambukizi. Ni homa ya miguu, ama niseme homa ya mapezi. Ukimweka kwenye kizimba au tangi ambapo kila kona ni joto moja, umemnyang'anya hiyo. Sisemi tuache vizimba. Nasema ukimnyang'anya mtu silaha moja, usimnyang'anye na zingine zote.

Sasa tufike kwa antibayotiki, na nitaongea ukweli wote. Kuna msee atasoma hii aseme, "Wewe unakaa Nairobi unaongea kuhusu vipokezi, mimi nina mkopo wa chama na samaki wangu wanakufa leo." Nakusikia. Na jibu langu si kwamba dawa ni dhambi. Kama daktari wa mifugo amekuja, amepasua samaki mmoja au wawili, amepeleka sampuli maabara, ikapatikana ni Streptococcus kweli na dawa fulani inamuua, tumia kwa kipimo ulichopewa na siku ulizopewa, halafu ungoje muda uliowekwa kabla ya kuuza. Hiyo ni tiba.

Kubahatisha ndiko ninakopinga. Samaki mgonjwa huwa hali. Kwa hivyo dawa uliyochanganya na chakula inaliwa na wale wazima, na wagonjwa wanaendelea kufa. Nyingine inabaki kwenye chakula ambacho hakikuliwa na inazama kwenye matope. Huko kwenye matope kuna bakteria wengi ajabu, na sasa umewapa kozi ya bure ya kuzoea dawa. Bakteria wanagawana jeni za usugu kama sisi tunavyotumiana video, hata kama si wa aina moja.

Na dawa yenyewe unajua ni gani? Oksitetrasaiklini, mara nyingi. Ni ya familia moja na doksisaiklini ambayo wewe au mamako mliwahi kuandikiwa na daktari. Usugu ukizaliwa kidimbwini haubaki kidimbwini. Mwaka 2019 pekee, utafiti wa dunia nzima ulikadiria vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Afrika iliumia zaidi, kusini mwa Sahara. Serikali yetu ilitoa sera na mpango wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Karatasi iko. Lakini mpaka leo kijana aliyeanza kufuga juzi anapata ushauri wa dawa kutoka kwa mtu asiyejua hata rangi ya maji yake.

Na usifikirie kuna ukuta kati ya magonjwa ya samaki na yako. Yule bakteria wa macho kutoka nje na kuogelea kwa kuzunguka mara nyingi ni Streptococcus agalactiae. Ni spishi ile ile inayosumbua watoto wachanga hospitalini. Mwaka 2015 kule Singapore, zaidi ya watu mia moja waliugua vibaya baada ya kula samaki mbichi wa maji baridi waliokuwa na aina moja ya huyo bakteria. Sisi hapa tunakaanga ngege mpaka mifupa inaliwa, kwa hivyo usiogope sahani yako, moto unamaliza huyo jamaa. Mwenye mkono wenye kidonda anayeshinda akitoa samaki matumbo sokoni ndiye anayehitaji kujilinda.

Kuna njia nyingine, na si ndoto. Inaitwa chanjo.

Ile sehemu ya mabaunsa niliyoeleza ni kinga ya kuzaliwa nayo. Samaki ana sehemu ya pili pia, inayojifunza na kukumbuka. Ana kingamwili, ikiwemo aina yake mwenyewe inayoitwa IgT, ambayo kazi yake kubwa ni kulinda utumbo, ngozi na matamvua. Na hizi sehemu mbili zinaongea. Kipokezi kikipiga kamsa vizuri, sehemu inayojifunza inajifunza vizuri. Ndio maana watafiti wamejaribu kuweka flajelini ndani ya chanjo za samaki: inaamsha baunsa ili darasa lianze.

Angalia Norway. Mwaka 1987 wafugaji wa samoni kule walitumia karibu tani 50 za antibayotiki. Samaki walikuwa wanakufa kwa bakteria na kila mtu alikuwa anamwaga dawa, kama sisi tu. Wakaleta chanjo, wakaanza kudunga kila samaki mmoja mmoja tumboni kabla hajaenda baharini, wakapanga upya mashamba yao. Ndani ya miaka kumi matumizi yakaporomoka. Leo wanazalisha zaidi ya tani milioni moja za samoni kwa mwaka, na miaka ya karibuni wametumia chini ya tani moja ya antibayotiki. Samaki zaidi mara nyingi, dawa chini kabisa. Walichofanya ni kuwekeza kwa jeshi la samaki mwenyewe.

Utaniambia samoni ni ghali na ngege ni wa mwananchi, nani atadunga ngege? Swali zuri. Lakini chanjo za tilapia dhidi ya Streptococcus zipo tayari sokoni katika nchi kama Brazil na Indonesia, na hao wanafuga tilapia yule yule. Kuna chanjo za samaki zinazotolewa kwa kuwatumbukiza vifaranga kwenye maji yenye chanjo kwa muda mfupi, bila sindano. Kazi hiyo ifanyike kwa mzalishaji wa vifaranga, mara moja, halafu wewe unanunua kifaranga ambaye amesoma tayari. Na sisi tuna taasisi ya serikali, KEVEVAPI, inayotengeneza chanjo za ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa nini samaki asiwe kwenye hiyo orodha?

Nakumbusha pia kitu cha historia. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, maeneo bunge 140. Watu walipata vidimbwi, na ilikuwa kitu kikubwa. Baadaye vingi viliachwa, vikaota nyasi. Tulihesabu mashimo. Hatukuhesabu maabara, wala wataalamu wa magonjwa ya samaki, wala vifaranga wenye afya. Naona tukielekea huko tena, safari hii na drone na muziki.

Kwa hivyo nataka nini?

Kwa wewe unayetaka kuingiza akiba yako huko: kabla hujanunua kifaranga hata mmoja, muulize muuzaji maswali matatu. Hawa wazazi wao walitoka wapi? Mliwahi kupoteza samaki kwa ugonjwa mwaka huu, na mlipima? Mnasafirisha vipi? Akikasirika, umepata jibu lako. Ukishaanza, weka samaki wachache kuliko unavyoshawishiwa. Usilishe zaidi ya wanavyomaliza. Tembelea kidimbwi alfajiri, hiyo saa ndiyo inasema ukweli. Wageni wapya wakae kando kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Ondoa aliyekufa siku hiyo hiyo, usiache aoze ndani. Samaki wakianza kuumwa, pima maji kwanza, badilisha kiasi, punguza chakula, halafu ita mtaalamu. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji digrii. Mimi mwenyewe niliachana na chuo katikati na nimeelewa.

Kwa kaunti: msitupe vidimbwi bila daktari wa samaki. Maabara moja ya kupima sampuli za samaki ikihudumia kaunti nzima ina faida kuliko sherehe kumi za kumwaga vifaranga mtoni mbele ya kamera.

Kwa wenye agroveti: antibayotiki inapaswa kutoka kwa idhini ya daktari wa mifugo. Mnajua hilo kuniliko.

Na kwa wenzangu wa kontenti. Tunalipwa kwa kutazamwa, hiyo naelewa, nami nakula hapo hapo. Lakini ukimwonyesha kijana wa miaka kumi na tisa hesabu ya faida bila samaki anayekufa, umemuuzia nusu ya ukweli kwa pesa zake zote. Weka na siku mbaya kwenye video. Onyesha kipimo cha maji. Sema neno "chanjo" mara moja tu. Na acha kutoa majina ya dawa kama unataja ngoma mpya, ju mtu ataenda kununua leo jioni.

Samaki ameishi kwenye supu ya bakteria tangu kabla sisi hatujakuwepo. Mpe maji safi, mpe nafasi, mpe hewa, na umpe chanjo pale inapopatikana. Mengine mengi anajua kujifanyia. Kama unafuga, niambie: mara ya mwisho kupima maji yako ilikuwa lini?